William Hall, Baharia wa Nova Scotia: Habari za Mtu Aliyepewa Msalaba wa Shaba

Katika masomo yetu ya historia ya Kanisa, manowari za Uingereza huingia kwa mlango mmoja tu. Mwanafunzi hujifunza mkataba wa Zanzibar wa mwaka 1873, hujifunza kuanzishwa kwa Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, na husoma jinsi manowari iitwayo London ilivyotia nanga bandarini Zanzibar kuanzia mwaka 1874 ili mashua zake zikamate majahazi ya watumwa. Hapo manowari ni chombo cha ukombozi. Halafu somo likifika kwenye kugawanywa kwa Afrika, manowari zile zile huonekana tena zikiwa vyombo vya utawala, na mwanafunzi hushangaa kidogo, kisha huendelea. Ni mara chache sana anauliza habari za watu waliokuwa ndani yake, waliopakia baruti na kuvuta kamba.

Katika makala hii tunakusudia kusimulia maisha ya mmoja wao. Habari zake si za pwani yetu, bali za Kanada, Crimea na India. Hata hivyo kuna uzi mwembamba unaomfunga na sisi: manowari London, kabla ya kuzeekea Zanzibar, ilikuwa mbele ya ngome za Sevastopol siku ya tarehe 17 Oktoba 1854, na katika kundi lile lile la manowari ilikuwamo Rodney, ambayo mtu wetu alikuwa ameandikishwa kwayo. Jina lake ni William Hall. Alikuwa mtu mweusi, mtoto wa watu waliotoka utumwani, na alipewa nishani iliyo juu ya nishani zote za Uingereza. Hatukumchagua ili awe kielelezo kwa vijana. Tumemchagua kwa sababu kila tulipomtaja darasani, wanafunzi waligawanyika pande mbili, na pande zote mbili zilikuwa na haraka mno.

Wazazi wake, Jacob na Lucy, walikuwa miongoni mwa wakimbizi weusi wa vita vya mwaka 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Mwezi Aprili 1814 Admirali Cochrane alitoa tangazo kwamba wakazi wa Marekani watakaotaka kuondoka wangepokelewa katika manowari zake, ama kuingia jeshini, ama kupelekwa kama watu huru kwenye makoloni ya Uingereza. Tangazo halikutaja neno watumwa, lakini watumwa walilielewa vema kuliko mabwana zao. Walikuja usiku kwa mitumbwi katika ghuba ya Chesapeake, na kati ya mwaka 1813 na 1816 wapatao 2,000 walifikishwa Nova Scotia. Tusidhani kwamba Cochrane alisukumwa na Injili. Alitaka kumdhoofisha adui. Lakini kwa mama aliyeketi katika mtumbwi na mtoto mgongoni, nia ya admirali si jambo la kwanza kuulizwa.

Huko Nova Scotia walipewa ardhi ya mawe na misitu, vipande vidogo visivyoweza kulisha jamaa, na mwaka 1815 baraza la koloni lilipinga kuletwa kwa watu weusi wengine. Wakimbizi hawa hawakuwa wa kwanza kuonja ukarimu wa namna hiyo. Watu weusi wapatao 3,000 waliokuja baada ya vita vya uhuru wa Marekani, mwaka 1783, waliahidiwa mashamba na wengi hawakuyapata. Ndiyo maana mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walipanda merikebu Halifax kwenda Sierra Leone, wakiwa pamoja na mchungaji wao Mbaptisti David George, na wakaanzisha Freetown wakiwa na makanisa yao tayari. Tunalitaja jambo hili kwa sababu vitabu vingi huanza historia ya misheni katika Afrika Magharibi kwa jina la Mzungu fulani, kumbe sharika kamili zilikwisha kushuka pwani zikitoka Nova Scotia.

Jacob na Lucy walibaki. Mtoto wao William alizaliwa Horton mwaka 1827, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Kando ya mto Avon, katika mji wa Hantsport, palikuwa na viwanda vya kuunda merikebu, na kijana alifanya kazi huko kabla ya kwenda baharini katika merikebu za biashara akiwa na miaka kama 17. Kati ya mwaka 1847 na 1849 alitumikia hata jeshi la majini la Marekani, yaani nchi ile ile ambayo wazazi wake waliikimbia na ambayo wakati huo ilikuwa bado na watumwa mamilioni. Hatuna haja ya kulitafutia jambo hili maana ya kina. Baharia hufuata mshahara. Mwaka 1852, huko Liverpool, alijiandikisha katika jeshi la majini la Uingereza, akawekwa katika manowari Rodney.

Vita vya Crimea tutavipita upesi. Wanamaji walitolewa melini na kuwekwa nchi kavu pamoja na mizinga yao kuisaidia mizinga ya jeshi mbele ya Sevastopol, na Hall alikuwa katika kikosi hicho. Alirudi na nishani zenye majina ya Inkerman na Sevastopol, na, jambo kubwa zaidi kwa habari yetu, alirudi akijua jinsi mzinga wa manowari unavyovutwa matopeni kwa mikono ya watu.

Hapa tunapenda kuweka kando ya Hall mtu mwingine wa Nova Scotia. Mwaka 1854, wakati Hall alipokuwa Crimea, Richard Preston alizikusanya sharika za Wabaptisti weusi wa koloni hilo kuwa ushirika mmoja. Preston alikuwa mtumwa huko Virginia, akatoroka, akafika Nova Scotia akimtafuta mama yake, akampata. Akaenda London kusoma, akabarikiwa kuwa mchungaji huko mwaka 1832, akarudi na kujenga kanisa Halifax. Watu hawa wawili walitoka katika shimo moja, na wote wawili walipitia Uingereza. Mmoja alitoka huko na barua ya uchungaji, mwingine na sare ya baharia. Msomaji mchungaji atamwelekea Preston kwa haraka, sisi pia. Lakini katika ukoo wowote wa maskini, kwa kila mmoja anayepata barua ya uchungaji wako wengi wanaopata sare, na Kanisa likiandika habari za wale wa kwanza peke yao litakuwa limeandika habari zake lenyewe tu.

Mwaka 1857 Hall alikuwa katika manowari Shannon chini ya Kapteni William Peel, mwana wa Sir Robert Peel aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Shannon ilikuwa mashariki kwa ajili ya vita vya China ilipoitwa Calcutta. Maasi makubwa yalikuwa yamelipuka India tarehe 10 Mei mwaka huo, huko Meerut, miongoni mwa askari Wahindi wa Kampuni ya Mashariki ya India. Habari ya risasi zilizodhaniwa kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe inajulikana sana, na ni ya kweli kwa kadiri yake. Lakini katika nchi ya Awadh, ambayo mji wake mkuu ni Lucknow, palikuwa na sababu iliyo karibu zaidi. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1856, Waingereza walikuwa wamemwondoa mfalme wa Awadh na kuitwaa nchi yake. Askari wengi wa Kampuni walikuwa wenyeji wa huko. Waliopigana Lucknow walipigana nyumbani kwao.

Ndani ya makazi ya mwakilishi wa Uingereza mjini Lucknow walizingirwa watu wapatao 3,000, wakiwamo wanawake, watoto na askari Wahindi waliobaki upande wa Waingereza. Peel aliwachukua mamia ya wanamaji wake na mizinga mikubwa, wakapanda mto Ganges hadi Allahabad, kisha wakavuta mizinga barabarani. Jenerali Sir Colin Campbell aliifikia Lucknow katikati ya mwezi Novemba.

Tarehe 16 Novemba 1857 ilianza kwa mapigano ya Sikandar Bagh, bustani iliyozungushiwa ukuta mrefu. Ukuta ulitobolewa, askari wakaingia, na waliokuwamo ndani hawakuwa na pa kutokea. Wahindi wapatao 2,000 waliuawa humo katika muda wa saa chache. Habari za Waingereza wenyewe zinasema hivyo, na hazioni haya. Siku hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Misalaba ya Victoria mingi kuliko siku nyingine yoyote tangu nishani hiyo ianzishwe mwaka 1856. Mambo haya mawili hayasemwi mara nyingi katika aya moja, na sisi tumeona vema kuyasema hivyo.

Mchana jeshi lilifika Shah Najaf. Jengo hili lilikuwa imambara, la namna wanayoifahamu wakazi wa Zanzibar na Dar es Salaam kwa sababu ya jumuiya za Khoja Ithnaasheri. Limepewa jina la mji wa Najaf ulio na kaburi la Ali, na ndani yake amezikwa mfalme Ghazi-ud-Din Haidar aliyelijenga, aliyefariki mwaka 1827, yaani mwaka ule ule aliozaliwa Hall. Kuta zake ni nene, na waasi walikuwa wameligeuza kuwa ngome. Askari wa miguu walishindwa kuzikaribia. Ndipo Peel alipoisogeza mizinga ya ratli 24, ambayo kila kombora lake lina uzito wa karibu kilo 11, hadi karibu kabisa na ukuta. Campbell aliandika baadaye kwamba Peel alifanya kana kwamba anaiegesha Shannon ubavuni mwa manowari ya adui.

Mzinga wa namna ile huhitaji watu wengi. Mmoja husafisha mdomo, mwingine huleta baruti, mwingine hushindilia, wengine huurudisha mahali pake kila unaporuka nyuma kwa nguvu ya mlipuko. Watu wa mzinga mmoja walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja, na Hall, ambaye hakuwa wa mzinga huo, alijitolea kuchukua nafasi yake. Kutoka juu ya ukuta risasi na mabomu ya mkono yaliwaangukia. Watu walianguka mmoja mmoja mpaka kwenye mzinga ule wakabaki wawili wanaoweza kusimama: Luteni Thomas James Young, naye alikuwa na majeraha, na William Hall. Hao wawili waliendelea kuupakia, kuusukuma na kuupiga.

Je, walifanikiwa? Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kufungua macho. Masimulizi yanayopendwa, hasa Nova Scotia, husema kwamba makombora ya Hall na Young yalitoboa ukuta, askari wakaingia, na Lucknow ikaokolewa. Lakini wapo mashahidi wa kikosi cha Waskoti, cha 93, waliosimulia kwa namna nyingine: kwamba ukuta wa mbele haukukubali, kwamba ilikuwa jioni na mizinga imeanza kuondolewa, ndipo sajini John Paton alipozunguka na kugundua ufa upande wa nyuma, uliofanywa, kwa maoni ya mmoja wao, na makombora yaliyopita juu ya ukuta wa kwanza. Waskoti waliingia kwa ufa huo na kuwakuta walinzi wakiondoka. Paton naye alipewa Msalaba wa Victoria. Nasi tukifungua tangazo rasmi la tarehe 1 Februari 1859 lililompa Hall nishani yake, tunakuta sentensi moja fupi: kwamba Young na Hall walipendekezwa na marehemu Kapteni Peel kwa uhodari wao kwenye mzinga wa ratli 24 uliopelekwa hadi pembeni mwa Shah Najaf. Basi. Tangazo halisemi kwamba ukuta ulianguka.

Sisi tunaona kwamba sentensi ile fupi ina heshima kuliko hadithi ndefu. Peel hakuwapendekeza kwa sababu walishinda, bali kwa sababu hawakuondoka. Peel mwenyewe hakuishi kuliona tangazo hilo; alikufa kwa ndui huko Cawnpore tarehe 27 Aprili 1858.

Sasa tulirudie swali linalowagawa wanafunzi. Wa upande mmoja husema: huyu ni shujaa wa watu weusi, mtu mweusi wa kwanza kupewa nishani ile. Wa upande wa pili husema: huyu ni mtoto wa watumwa aliyewafyatulia mizinga watu waliokuwa wakipigania uhuru wa nchi yao, tena kwenye kaburi lao na mahali pao pa ibada. Kila upande umesema kweli, na tatizo ni kwamba kila upande hudhani umemaliza.

Sisi Walutheri tunayo maandishi ya mwaka 1526 ambayo Martin Luther aliyaandika kumjibu askari mmoja, Assa von Kram, aliyesumbuliwa na swali kama askari naye aweza kuokolewa. Luther alifundisha kwamba askari akijua kwa hakika kuwa bwana wake anapigana vita visivyo haki, amwogope Mungu kuliko mwanadamu na asiende. Lakini asipojua kwa hakika, asiache utii ulio wazi kwa ajili ya jambo lisilo wazi. Kwa mafundisho hayo Hall ana kinga. Baharia aliyepelekwa kutoka China hadi Calcutta angejuaje habari za mfalme wa Awadh? Aliambiwa kwamba wanawake na watoto wamezingirwa, na ni kweli walikuwa wamezingirwa. Lakini tukiri pia kwamba fundisho hili limewafaa sana wenye dola, kwa sababu wao ndio wanaoamua askari ajue nini. Msomaji anayezijua habari za Akeri chini ya Mlima Meru mwaka 1896, wamisionari walivyouawa na jinsi jeshi la Wajerumani pamoja na wasaidizi wao Waafrika lilivyolipiza kisasi, hahitaji kuelezwa ugumu huu. Wale wasaidizi nao walikuwa watii.

Liko neno jingine tunalopenda kulitia. Wahenga wetu walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa watu kama Jacob na Lucy, Uingereza ilikuwa zimwi lililowajua. Iliwanyima ardhi nzuri, lakini haikuwauza. Mwana aliyelelewa katika nyumba hiyo, akiitazama bendera iliyowapokea wazazi wake usiku ule wa Chesapeake, asingeweza kuiona kwa macho ya mkulima wa Awadh. Hatusemi kwamba aliona sawasawa. Tunasema tu kwamba alitazama kutoka mahali alipokuwa amesimama.

Nishani yenyewe alivikwa tarehe 28 Oktoba 1859 katika manowari Donegal, bandarini Queenstown huko Ireland. Ni msalaba mdogo wa shaba. Kwa baharia wa cheo chake uliambatana na pauni 10 kwa mwaka. Askari Wahindi waliopigana siku ile ile upande wa Waingereza hawakuruhusiwa kuupata. Mlango huo haukufunguliwa kwao mpaka mwaka 1911. Kwa hiyo katika jeshi lile Hall alikuwa na haki ambayo Mhindi aliyesimama kando yake hakuwa nayo. Dola ina namna nyingi za kuwapanga watu, na rangi ni mojawapo tu.

Alitumika hadi tarehe 4 Julai 1876, jumla ya miaka 24. Kisha alirudi Nova Scotia, akaishi katika shamba dogo huko Avonport pamoja na dada zake. Hakuoa. Mwandishi mmoja aliyemtembelea uzeeni alimsikia akisema kwamba siku hizi misalaba imekuwa mingi, wala haina faida kubwa kwa mtu, kwani ni pauni 10 tu kwa mwaka, na kama si pensheni yake ya kawaida ya pauni 40 asingejua angeishije. Tunayapenda maneno hayo. Hayana uchungu wala majivuno. Ni hesabu ya mkulima. Mwaka 1901 mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa George wa Tano, alipotembelea Halifax, mzee alisimama pamoja na askari wa zamani akiwa amevaa nishani zake, na mgeni akaona msalaba ule wa shaba kifuani pake, akasimama kuzungumza naye.

Alifariki mwezi Agosti 1904. Alizikwa Lockhartville bila heshima za kijeshi, na kaburi lake halikuwekewa alama.

Miaka 41 ilipita. Mwaka 1945, baada ya vita vikuu viwili ambavyo vijana weusi wa Nova Scotia walipigana, mabaki yake yalifukuliwa na kuzikwa upya katika uwanja wa kanisa la Wabaptisti la Hantsport, na mwaka 1947 chama cha askari wa zamani kikaweka mnara wa ukumbusho. Nishani ilirudishwa Nova Scotia mwaka 1967, ikawekwa katika makumbusho ya jimbo. Mwaka 2010 Kanada ilitoa stempu yenye sura yake, na mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mojawapo ya manowari mpya za doria za nchi hiyo itaitwa William Hall. Imekwisha kuingia kazini.

Wachungaji wanaosoma makala hii wamezika watu wengi, na wanajua kaburi husahauliwa kwa haraka gani pale ambapo hakuna mtoto wa kulipalilia. Hall hakuwa na mtoto. Alikuwa na dada zake wazee, majirani, na karatasi za serikali zenye jina lake. Karatasi zilikuwa London.

Shah Najaf ingali imesimama Lucknow. Kuba lake ni jeupe, kaburi la Ghazi-ud-Din Haidar lingali ndani, na kila mwezi wa Muharram waumini huliwashia taa.